Barua ya Mshiriki Namba Tisa

Humu simtaji mtu kwa jina. Msidhani ni adabu. Ni kazi iliyonifundisha. Nilifanya kazi miaka tisa kwenye kituo cha utafiti wa haki za binadamu cha chuo kikuu kimoja, na kule jina la mtu lilikuwa kama waya wa umeme uliochunika: huligusi. Tulikuwa na namba. Kila aliyefungua mdomo mbele yetu alipewa namba yake, na tabia hiyo ikatukaa mpaka tukaanza kupeana wenyewe kwa wenyewe. Mfagiaji wetu alikuwa Namba Sifuri, na akiitwa aliitika.

Kituo kilikuwa Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Zamani kilikuwa chuoni, kwenye miti na upepo, mpaka mfadhili mmoja alipouliza kwa nini watafiti wa haki za wanyonge wanakaa mbali na wanyonge. Mkurugenzi wetu, profesa wa kike mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari hata anapoomba chumvi, akaamua tuhamie kwa wananchi. Tukahamia. Jambo la kwanza tulilofanya baada ya kufika kwa wananchi ni kuweka vioo vizito madirishani ili kelele zao zisituingilie. La pili, kiyoyozi. La tatu, mlango wa chuma wenye kengele na kibao kilichosema: Karibu, Haki ni Yako. Bonyeza Usubiri.

Jengo lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindu ambaye babu yake ndiye aliyelijenga. Huyo mzee ndiye aliyekuwa na duka la vitenge pale chini, na alikuwa mtu wa Kariakoo kuliko sisi wote kwa pamoja. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi na mkasi wake haukutulia. Kutuhusu sisi alikuwa na swali moja tu, ambalo alinirudishia kila mwisho wa mwezi: "Hivi nyie huko juu mnauza nini hasa?" Nilikuwa nikimwambia tunafanya utafiti. "Sawa," anasema, "lakini mnauza nini?"

Kati ya mlango wa duka lake na ngazi zetu ndipo alipokuwa mama mmoja aliyeuza chakula. Wanawake wa kazi hiyo serikali inawaita mama lishe. Sisi wa mtaani tunasema mama ntilie, na yeye mwenyewe jina lolote aliitikia ilimradi una njaa. Alikuwa mtu wa Kusini, upande wa Lindi, mfupi, mnene wa mikono, na ulimi wake haukuwa na breki. Alikuwa na majiko mawili ya mkaa, mabenchi mawili, mwavuli mkubwa uliopauka, na meza moja. Wali wake wa nazi ulikuwa unapanda ngazi wenyewe. Saa tano na nusu harufu inapita chini ya mlango wa chuma bila kubonyeza kengele, na kuanzia hapo hakuna haki ya mtu yeyote iliyotafitiwa tena mpaka saa nane.

Meza yake ilikuwa inacheza kwa sababu barabara pale ina mteremko. Siku moja nikashuka nikakuta imetulia. Nikainama kuchungulia: chini ya mguu mmoja palikuwa na ripoti yetu ya kwanza, kurasa mia mbili na kitu, jalada gumu. Tulikuwa tumemgawia nakala siku ya kuhamia, kama mdau. Nikaogopa Mkurugenzi asije akaiona. Akaiona. Akafurahi jamani! Akapiga picha, na kwenye taarifa ya nusu mwaka kwa mfadhili ikaingia chini ya kichwa cha habari "Matumizi ya matokeo ya utafiti katika jamii". Sikutunga hilo, niliichapa mimi mwenyewe.

Basi tukapata mradi mkubwa, kuhusu haki ya kufanya kazi kwa wafanyabiashara wadogo wa katikati ya jiji. Aliyetumwa kuhoji watu ni mimi, msaidizi wa utafiti, mtoto wa Ilala niliyekulia hatua chache kutoka sokoni, maana wenzangu walikuwa wanavuka Mtaa wa Msimbazi kama wanavuka mpaka wa nchi. Nikahoji muuza viatu, muuza vifuniko vya simu, akina dada wa mitumba. Wa tisa alikuwa mama.

Nilikaa naye kwenye benchi asubuhi, anachambua mchele, nikamsomea fomu ya ridhaa yote, maana utaratibu ni kuisoma yote.

"Hakuna mtu yeyote atakayejua kwamba umeongea na sisi," nikasoma.

"Kwa nini asijue? Kwani nimeua?"

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Usalama gani mwanangu? Niko hapa barabarani miaka kumi na moja, jua langu, mvua yangu, nani hanioni? Andika jina langu. Andika na la baba yangu. Watu wajue ni mimi niliyesema."

"Hairuhusiwi. Ni maadili ya utafiti."

"Hayo maadili yenu makubwa! Kwetu sisi anayeficha jina lake ni mwizi."

Lakini alizungumza. Alizungumza saa mbili nzima. Alinieleza siku mgambo wa jiji walipombebea sufuria ikiwa na maharage yanachemka, na jinsi alivyowafuata akiwa na upawa mkononi mpaka wakaona aibu wakamrudishia. Akanieleza jinsi alivyosomesha watoto watatu kwa meza hiyo hiyo inayocheza. Mwisho nikampa kalamu, akasaini fomu kwa herufi kubwa, jina lake, la baba na la babu, kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Ile fomu ikafungiwa kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Mkurugenzi, wa pili kwa Katibu wa Kamati ya Maadili. Kwenye rasimu ya ripoti akatokea hivi: Mshiriki Na. 9, mwanamke, mjasiriamali wa chakula, Mtaa B. Picha yake ilikuwepo pia, meza, mwavuli, mabenchi, vyote vinaonekana, ila pale penye uso waliweka ukungu.

Miezi michache baadaye, Jumatatu moja, gari la kipaza sauti likapita. Wanaofanya biashara pembeni mwa barabara wataondolewa, lakini safari hii wenye sifa watapewa vizimba vya biashara ndani ya soko. Sifa yenyewe ni kuthibitisha kwamba ulikuwa mtaani hapo kwa muda mrefu. Ulete barua mbili za watu wanaokujua, wenye anwani ya kudumu kwenye mtaa ule ule, iwe duka iwe ofisi. Mwisho wa kuandikishwa ni Ijumaa saa kumi alasiri. Baada ya hapo orodha inafungwa.

Kwa mama jambo hili lilikuwa rahisi na gumu. Wenye fremu za maduka mtaani kwetu wanabadilika kila mwaka. Leo hapa panauzwa simu, kesho mapazia, keshokutwa wigi. Mjumbe wa mtaa alikuwa mgeni na mtendaji wa serikali ya mtaa alikuwa mgeni zaidi. Waliokuwepo siku zote ni wawili tu, mzee wa vitenge na sisi.

Akaanza kwa mzee. Nilikuwepo, nimesimama nasubiri chenji ya vocha. Mzee alikuwa anakata kitenge cha mteja. Akaweka mkasi chini, akachukua kitabu cha risiti, akageuza karatasi upande wa nyuma, akaandika: Huyu mama mimi namjua. Anapika mbele ya duka langu miaka kumi na moja. Hana ugomvi na mtu isipokuwa mgambo. Mpeni nafasi. Akaandika jina lake, akasaini, akagonga muhuri wa duka, akapuliza wino, akampa, akachukua mkasi akaendelea kukata. Yule mteja hata hakuwa amemaliza kuchagua rangi ya pili.

Sasa ikabaki ya kwetu. Jumanne asubuhi mama akapanda ngazi. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona juu. Chakula kilikuwa kinapanda, yeye anabaki. Akabonyeza, akasubiri. Alikuwa amejifunga khanga safi na anahema, maana ngazi zetu ni za kizamani. Mkurugenzi akampokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamsikiliza kichwa upande. Mama alipomaliza, Mkurugenzi akageuka kwangu, macho yanang'aa.

"Umeona? Hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta! Haki ya kutambuliwa, imekuja yenyewe mlangoni. Tuiweke kwenye kumbukumbu."

"Kwa hiyo mtaniandikia, profesa?" mama akauliza.

"Tutalishughulikia kwa uzito unaostahili."

Mama akashukuru, akashuka. Mimi nilishajua uzito unaostahili maana yake nini. Mlango ulipofungwa tu, Katibu wa Maadili akatoka chumbani kwake. Huyu alikuwa bwana wa tai, msafi mno, mla sahani mbili. Akasema kuna tatizo. Mama ni mshiriki wa utafiti. Tukimwandikia barua kwa jina lake tutakuwa tumetangaza kwamba tunamjua, na sisi tulimwahidi kwa maandishi kwamba hakuna atakayejua kama alizungumza na sisi.

"Lakini barua inasema anapika hapo chini tu," nikasema. "Haisemi kama tulimhoji."

"Na sisi tumejuaje kama anapika hapo chini?"

"Tunakula pale!"

"Hiyo," akasema, "ni taarifa isiyo rasmi."

Mkurugenzi akasema suala liende kamati. Kamati ilikuwa na watu watano, na mwenyekiti wake alikuwa Arusha kwenye warsha ya haki ya chakula, anarudi Alhamisi. Basi tukasubiri. Jumatano mama akanidaka kwenye ngazi nikiwa nimebeba sahani za kurudisha.

"Mwanangu, hiyo barua vipi?"

"Kamati inakaa kesho, mama."

"Kamati. Hiyo kamati mchana huwa inakula wapi?" Akanishika mkono, mkono wake una joto la jiko. "Nimeenda pale mezani kwa karani nikamuuliza. Kasema siyo lazima ofisi. Hata mfanyakazi mmoja tu wa ofisi ya mtaa huu, aandike jina lake, asaini, aweke na namba ya simu, imetosha. Wewe si unafanya kazi hapa? Wewe si unanijua? Niandikie wewe."

Nitasema ukweli, maana nimeubeba vya kutosha. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Karatasi ya kuuongeza ilikuwa kwenye droo ya Mkurugenzi, na mimi nilikuwa nimesaini fomu ya usiri kama wenzangu wote. Nikamwambia mama tungoje kamati, kesho siyo mbali. Akaniangalia, akaniachia mkono.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema. "Haya, lete sahani zangu."

Alhamisi kamati ikakaa. Itifaki ikazingatiwa, simu zikazimwa, mimi nikaandika muhtasari. Mmoja alipendekeza tumwombe mama asaini fomu mpya ya kuondoa usiri. Katibu akasema sawa, lakini fomu hiyo haipo, itabidi iandaliwe, na ikiandaliwa itabidi ipitishwe na chuo, na chuo kinakaa kila robo mwaka. Mwingine akauliza kama mama kutuomba barua ni shinikizo kutoka kwa mshiriki. Wa tatu, mwanasheria, akasema je, tukimwandikia huyu, wale washiriki wengine arobaini wakija? Nikanyoosha mkono nikasema wale wengine hawapiki chini yetu. Mwenyekiti akasema msaidizi anaandika muhtasari, hachangii.

Saa saba chakula kikaja. Wali wa nazi, kisamvu cha kutwanga, na samaki wa kukaanga, kwa sababu mama alikuwa amesikia kuna mkutano juu yake na akaona atuongezee samaki. Wakala wote. Katibu akala sahani zake mbili, akafuta mdomo, akasema, "Huyu mama wiki hii nazi imekolea," halafu akarudi kwenye hoja kwamba rasmi hatumjui. Shukrani ya punda mnaijua.

Saa tisa wakapata suluhisho. Walifurahi kweli, mwenyekiti alisema hii inaweza hata kuandikiwa makala. Tutatoa barua, kwenye karatasi nzito yenye nembo, yenye muhuri na sahihi ya Mkurugenzi, lakini tutalinda utambulisho wa mshiriki. Nikaichapa. Naikumbuka yote mpaka leo:

Kwa yeyote anayehusika. Kituo kinapenda kuthibitisha kwamba mtu mmoja, ambaye utambulisho wake umehifadhiwa kwa mujibu wa miongozo ya maadili ya utafiti, na ambaye katika barua hii ataitwa Mshiriki Na. 9, amekuwa akifanya shughuli halali katika eneo moja la katikati ya jiji, ambalo kwa sababu hizo hizo halitatajwa, kwa muda mrefu. Kituo kinaunga mkono haki ya mshiriki huyu kutambuliwa. Kwa maelezo zaidi usisite kuwasiliana nasi, ingawa hatutaweza kutoa maelezo zaidi.

Nilimuuliza Mkurugenzi kama ana uhakika. Akasema barua ina nguvu sana, hasa ile sentensi ya kutambuliwa.

Ijumaa mchana, baada ya swala, mama akafunga majiko mapema. Akaniomba nimsindikize. Bahasha ilikuwa nzuri ajabu. Aliibeba kwa mikono miwili asiipake mafuta, na barua ya mzee wa vitenge ameikunja ndani ya pochi ya khanga. Hakuwa ameifungua ya kwetu. "Ya ofisi haifunguliwi njiani," alisema. Mimi niliyejua kilichomo nikawa natembea nyuma yake hatua moja, natazama visigino vyake.

Karani alikaa chini ya turubai nje ya soko, daftari kubwa mbele yake, foleni inazunguka mpaka kwenye maduka ya ndoo. Alikuwa kaka mmoja amechoka lakini hana ubaya. Akasoma ya mzee, akakubali kwa kichwa, akaandika alama ya vema. Akafungua ya kwetu. Akasoma. Akarudia. Akageuza nyuma kuangalia kama kuna kilichobaki.

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Ofisini. Chuo kikuu."

"Huyu Mshiriki Namba Tisa ni nani?"

"Simjui," mama akasema. "Mimi nimeleta barua yangu."

Karani akaisoma kwa sauti. Siyo kwa kumdhalilisha, nadhani alitaka aisikie mwenyewe. Alipofika kwenye "ingawa hatutaweza kutoa maelezo zaidi" foleni nzima ilikuwa hoi kwa kicheko. Muuza ndoo aliegemea ndoo zake. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Namba Tisa njoo, zamu yako!" Wakacheka upya. Mama hakucheka. Alikuwa ananyoosha mkono kuomba arudishiwe karatasi yake.

"Ni yeye," nikasema. "Huyo Namba Tisa ni huyu mama."

"Wapi pameandikwa?" karani akaniuliza. "Wewe ni nani?"

"Nafanya kazi pale."

"Ofisi hiyo? Mtaa huo huo?" Uso wake ukafunguka. Akachana karatasi kwenye daftari lake, akaisukuma mbele yangu, akaweka na kalamu juu. "Basi kazi imekwisha. Andika hapo, namfahamu huyu mama, jina lako, sahihi, simu. Mistari miwili. Ni saa tisa na robo, tuna muda."

Kalamu ilikuwa ya bluu na imetafunwa nyuma. Mama alinitazama, na hakuwa na wasiwasi, hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa ameshaanza kukunja bahasha yetu aiweke kwenye pochi, kama mtu aliyemaliza shida zake. Nikaiona ile droo ya Mkurugenzi. Nikamwona Katibu anafuta mdomo. Nikasikia sauti yangu inasema, kwa Kiswahili kile kile cha ghorofani:

"Suala hilo liko ndani ya utaratibu wa ofisi."

"Dada, unamjua au humjui?"

"Siruhusiwi kusema."

Karani alivuta kalamu yake taratibu. Mama hakupiga kelele, yeye aliyewahi kumkimbiza mgambo na upawa. Alisema tu, "Haya mwanangu," akamshukuru karani, akatoka kwenye foleni. Alitembea upande wake na mimi nikabaki pale nimesimama mpaka mtu akaniomba nisogee. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na niliistahili yote.

Jumamosi na Jumapili sikulala vizuri. Jumatatu asubuhi, kabla ya kupanda kazini, nikaandika. Namfahamu mama huyu, nikaandika majina yake yote matatu, na langu, na namba ya simu, na kwamba amenilisha miaka saba. Nikaenda nayo kwenye turubai. Turubai lilikuwa linakunjwa. Karani akaisoma, akanirudishia.

"Nzuri. Lakini dada, Ijumaa ulikuwa hapa."

Nikaiweka kwenye mkoba. Jumanne yake mgambo wakaja kusafisha mtaa, na pale mbele ya duka la vitenge pakabaki alama nyeusi mbili za majiko kwenye saruji, na ripoti yetu ya kwanza, imelowa, kwenye mtaro. Mzee wa vitenge alikuwa mlangoni. Safari hii hakuniuliza tunauza nini.

Ripoti mpya ikazinduliwa hotelini, Posta, ukumbi wenye maua mezani. Jaladani palikuwa na picha ya mama, meza, mwavuli, na ule ukungu wake. Sura ya nne ilihusu wafanyabiashara wasioonekana. Mkurugenzi alihutubia vizuri, mpaka mgeni mmoja akatoa kitambaa. Akasimulia kisa cha mshiriki mmoja, ambaye hangeweza kumtaja, aliyekosa kizimba kwa kukosa mtu wa kumtambua, na ukumbi ukasema "Aah." Mimi nilikuwa mlangoni nagawa nakala. Mkataba wangu ulikuwa umeongezwa mwaka mmoja. Wali wa hoteli haukuwa na nazi, na Katibu akalalamika.

Ilinichukua miezi mitatu kumpata mama. Mzee wa vitenge ndiye aliyenielekeza, baada ya kunifanya nisimame pale dukani muda mrefu. Mama alikuwa amehamia nje ya geti la bandari, kule malori yanakopanga foleni, anapikia madereva na wapagazi. Mwavuli ni ule ule. Mabenchi yamepungua, limebaki moja. Jua la kule halina huruma na vumbi la malori linaingia mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa anapakua, hakuinua uso. Halafu akainua. Akaniangalia vizuri, kuanzia viatu.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Wa pale Kariakoo. Nimekula kwako miaka saba."

Akawageukia madereva waliokuwa wanakula. "Jamani, huyu anasema ananijua," akasema. Halafu kwangu: "Una barua?"

Madereva wakacheka, hawajui wanacheka nini. Mimi nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mkoba tangu siku ile, imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Nikaitoa nikampa kwa mikono miwili. Akafuta vidole kwenye khanga, akasoma polepole, midomo inacheza, mpaka kwenye jina lake na la baba yake na la babu yake. Kisha akasoma tarehe.

"Hii ni ya Jumatatu."

"Ndiyo, mama."

"Mwisho ilikuwa Ijumaa."

"Ndiyo."

Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, tena, mpaka ikawa ndogo ngumu. Akainama, akainua ukingo wa meza kwa bega, akaisukuma chini ya mguu. Akajaribu meza kwa kiganja. Ilikuwa bado inacheza.

"Fupi," akasema. "Kaa. Leo kuna maharage na dagaa."

Nikasema maharage. Akaniwekea wali mwingi, kama zamani, na sahani ikaanza kuteleza kuelekea kwangu, nikaishika kwa mkono wa kushoto nikala kwa wa kulia.